Kinyozi hajinyoi: mwalimu wa ushauri naye anahitaji mtu

 

Mwezi huu tunaandika juu ya mtu mmoja ambaye kila shule ya kambi inaye. Jina lake limebandikwa ukutani kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, lakini ukimuuliza mwanafunzi huyo mtu anafanya kazi gani, atakujibu, "Ni ule anaita mzazi ukikosea." Huyo ni mwalimu wa ushauri nasaha. Wengine wanasema kaunsela. Sisi shuleni tulimwita Madamu wa Gaidansi, hata mwaka ule alipokuwa mwanaume.

Kwa wageni wa ukurasa huu: sisi ni vijana kumi na mmoja, Wakongomani, Warundi, Wasudani Kusini wawili na Msomali mmoja. Tumesoma Kakuma, kambi iliyoanza mwaka 1992, au Kalobeyei, makazi ya jirani yaliyofunguliwa 2016. Wengine tumemaliza Fomu 4 tunangojea, wengine wako chuo, na watatu ni walimu wa motisha. Motisha ni yale malipo madogo anayopewa mkimbizi anayefanya kazi kwa shirika. Siyo mshahara. Ukisikia mwalimu wa kambi anauza mandazi jioni, sababu ni hiyo.

Tuanze na jinsi mwalimu wa ushauri anavyopatikana. Kwa kawaida haombi. Kikao cha mwanzo wa muhula kinagawa majukumu: huyu michezo, huyu maktaba, huyu asimamie uji. Ikifika zamu ya ushauri, macho yote yanamgeukia mwalimu wa kike mwenye sauti ya upole. Kama hayuko, yanamgeukia mwalimu wa dini. Kesho yake anaendelea na vipindi vyake vyote vya Kemia au Kiswahili, darasa la watoto mia na zaidi, halafu saa ya chakula ndiyo saa ya ushauri. Chumba hana. Mtakaa naye nyuma ya stoo ya vitabu au chini ya mathenge, na kila anayepita kwenda msalani atajua kwamba fulani leo ana shida.

Kule Marekani chama cha washauri wa shule kinapendekeza mshauri 1 kwa wanafunzi 250. Hatusemi tulingane nao. Tunajua nchi iliyotupokea yenyewe haina walimu wa kutosha kwa watoto wake. Lakini mtu akibeba watoto elfu mbili, angalau afundishwe namna ya kubeba.

Kwa nini tunasema hivi kwa ukali? Tuwaambie jambo moja lililotokea, bila kutaja shule wala mwaka.

Msichana wa Fomu 2, mmoja wetu alikaa naye dawati moja, alikwenda kwa mwalimu wa ushauri. Akamwambia kwamba mjomba anayemlea amepokea pesa kwa mwanaume fulani na harusi inapangwa. Mwalimu aliumia kweli. Akafanya kile ambacho mtu mzima yeyote wa kwetu angefanya: aliita mjomba, wakae wazungumze kama ndugu. Mjomba alikuja na shati safi, akasikiliza kwa heshima, akasema asante sana mwalimu, mtoto huyu ana mawazo tu. Msichana alikuwa ameketi hapo hapo.

Wiki iliyofuata dawati lilikuwa na mtu mmoja. Tulienda hadi nyumbani, tukakuta kufuli. Jirani akasema wamemsafirisha, ng'ambo ya mpaka, kwa watu wa upande wa mama. Hakurudi shule tena, na mpaka leo simu yake haipatikani.

Mwalimu yule tulikutana naye baadaye, akiwa ameacha kufundisha. Alituambia neno moja ambalo ndilo limetufanya tuandike: "Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mjomba haitwi."

Ndiyo hivyo. Kuna kanuni ambayo mfanyakazi wa ulinzi wa watoto anaijua kama jina lake: kama hatari inatoka nyumbani, huanzi kwa kupiga hodi nyumbani. Unaanza kwa watu wa ulinzi wa mtoto, usalama wake unapangwa kwanza, familia inafuata baadaye. Ni sentensi moja. Mwalimu angeweza kufundishwa kwa dakika kumi. Na siyo kwamba hakuwahi kupelekwa semina. Alipelekwa, siku mbili, akapewa begi, soda na cheti. Alifundishwa maana ya ushauri na historia ya wataalamu wa Ulaya walioanzisha nadharia zake, kwa Kiingereza, kwenye slaidi. Cheti bado anacho kwenye plastiki.

Kwa hiyo tukisema walimu wa ushauri wapewe mafunzo, hatuombi semina nyingine ya aina ile. Tumejaribu kuorodhesha vitu ambavyo mwalimu wa kambi anahitaji kujua kweli.

Cha kwanza ni kumpokea mtoto. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kitabu chembamba ambacho kinapatikana bure. Msingi wake ni maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama kuna usalama na nani ana shida ya haraka. Sikiliza bila kumlazimisha mtu asimulie yaliyompata. Muunganishe na msaada, na ndugu, na habari za kweli. Hakuna mahali kinaposema mwalimu awe daktari wa akili. Hata kile kizuizi cha kutolazimisha ni kikubwa kwetu, maana tumeona walimu wanaomwambia mtoto wa miaka kumi na mitatu, "Eleza yote, usifiche, ndio upone," mtoto akarudi darasani akitetemeka mpaka kengele ya mwisho.

Cha pili ni siri na mipaka yake. Wazee wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Mwanafunzi akisikia habari yake imetajwa paredi, hata bila jina, hatarudi, na wenzake hawatakuja. Lakini mwalimu asiahidi kunyamaza kwa kila kitu. Inabidi aseme mwanzoni kabisa, kabla mtoto hajafungua mdomo: "Utakayoniambia yatabaki hapa, ila nikisikia kuna mtu anakuumiza au unataka kujiumiza, nitamwambia mtu wa kutusaidia, na nitakuambia ni nani." Mtoto akijua hivyo, anachagua mwenyewe aseme nini.

Cha tatu ni kujua kazi yake inaishia wapi. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa na wenzao walikubaliana mwongozo wa afya ya akili wakati wa dharura, na wakauchora kama piramidi yenye ngazi nne. Chini kabisa ni chakula, maji na usalama. Juu yake ni familia, jamii na shule. Ngazi ya tatu ni msaada wa mtu aliyefundishwa, hata kama siyo mtaalamu. Kileleni ni wataalamu, kwa wale wachache wenye shida nzito. Mwalimu wetu anasimama ngazi ya pili, na akifundishwa anafika ya tatu. Asipojua mchoro huu, atajaribu kubeba kilele peke yake, au atamtuma hospitali mtoto ambaye shida yake ni njaa.

Cha nne, mwalimu wa ushauri asiwe ndiye mwalimu wa nidhamu. Viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya tangu 2001, lakini tuseme ukweli, kuna mahali bado vinatembea. Huwezi kumfungulia moyo mchana mtu aliyekupigisha magoti asubuhi.

Na cha tano, ambacho mara nyingi kinasahauliwa kwa sababu tunadhani ushauri ni machozi tu: njia ya masomo na kazi. Hapa watoto wanaumia kimya kimya. Mtaala wa Kenya umebadilika. Januari 2026 Gredi 10 ya kwanza ilianza shule ya sekondari ya juu, na kila mwanafunzi anatakiwa kuwa na mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mtoto wa miaka kumi na tano anachagua. Nyumbani mama amesoma Kirundi na Kifaransa, hajui hata mkondo ni nini. Akimuuliza mwalimu wa ushauri, naye amejua habari hiyo kwa redio. Tunamjua kijana wa mfumo wa zamani aliyetamani uuguzi tangu utoto na akaacha Baiolojia Fomu 3. Hakuna mtu aliyemkalisha chini akamwambia mlango wa uuguzi unafunguliwa na Baiolojia. Leo anachaji simu za watu sokoni, na anachaji vizuri, lakini siyo alichotaka.

Fikiria pia yule anayefika na diploma ya serikali kutoka Kongo, amemaliza sekondari kabisa, anaambiwa aanze darasa la chini kwa sababu Kiingereza chake ni kidogo. Desemba 2017 nchi za IGAD zilipitisha Azimio la Djibouti, zikaahidi wakimbizi waingie kwenye mifumo ya elimu ya taifa na vyeti vyao vitambuliwe. Ahadi iko. Mwalimu wa ushauri ndiye angepaswa kujua karatasi gani inapelekwa wapi ili ahadi ifike kwa huyu kijana.

Halafu skolashipu. UNHCR inataka ifikapo 2030 vijana wakimbizi 15 kati ya kila 100 wawe wamefika elimu ya juu. Kuna DAFI, inayolipiwa zaidi na Ujerumani tangu 1992, kwa digrii ya kwanza ndani ya nchi uliyokimbilia. Kuna programu ya WUSC ya Kanada, ambayo tangu 1978 imepokea wanafunzi wakimbizi zaidi ya 2,000, na ambako wanafunzi wa vyuo vya kule wenyewe wanachangia kila mmoja kidogo kwenye karo ili mwenzao aje. Nafasi ni chache, na zinafika kwa aliyejiandaa tangu Fomu 1. Asiyekuwa na wa kumwambia anaambiwa na dalali. Tuliandika na tunarudia: huduma za UNHCR hazilipiwi. Mtu akikuomba pesa ya fomu au ya "kuharakisha jina," huyo ni mwizi hata kama ni binamu yako.

Sasa, mnaweza kusema haya yote ni mengi mno kwa mwalimu wa motisha. Na sisi tuliwaza hivyo. Kisha tukasoma watu wengine walifanyaje.

Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza 2006 kufundisha akina bibi wa mitaani Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na watu wenye kile Washona wanakiita *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Kwetu tunasema mtu ana mawazo. Bibi hawakuwa na digrii. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha watu waliokaa nao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hapa Kenya, Tom Osborn na wenzake wa Shamiri walichukua vijana waliotoka sekondari karibuni tu, umri wetu kabisa, wakawafundisha kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa mikutano minne, na matokeo yalichapishwa 2021: dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua. Na kule Uganda, kambi ya Rhino, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walikaa kwenye vikundi wakisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa sauti, wakiongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Kuna pia kitabu cha picha cha Shirika la Afya Duniani cha 2020 kuhusu kukabili msongo, na hicho nacho ni bure.

Tulipoangalia mifano yote mitatu tuliona kitu kimoja kinajirudia. Mafunzo yalikuwa mafupi, lakini watu hawakuachwa baada ya mafunzo. Bibi wa Harare ana mtu wa kumrudia na kumwambia, "Leo huyu amenishinda." Mwalimu wetu baada ya semina ana cheti.

Basi tukaanza kidogo. Walimu watano wa shule nne wanakutana nasi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa tatu mpaka jua linapokuwa kali. Mfanyakazi mmoja wa ustawi wa jamii anakuja kwa muda wake mwenyewe. Hakuna posho, kuna chai. Kila mwalimu analeta kisa kimoja bila jina la mtoto, bila darasa, na tunajiuliza yale maneno matatu: uliangalia nini, ulisikia nini, ulimuunganisha na nani. Sisi vijana kazi yetu ni kupakua vitabu kwenye simu, maana bando za walimu ni shida, na kutafsiri. Kutafsiri kwenyewe ni darasa. Vitabu vinasema sonona. Hakuna mama wa Kakuma atakayekuja akisema mwanangu ana sonona. Atasema mtoto ana moyo mzito, mtoto anakaa kaa tu, mtoto amekataa ugali. Tumeandika maneno hayo upande mmoja na neno la kitabu upande wa pili.

Tulichokitengeneza kingine ni karatasi moja tu, kila shule yake. Juu kuna namba 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto, ambayo inafanya kazi Kenya na pia Uganda na Tanzania kwa wenzetu mlioko huko. Chini yake: ofisi ya ulinzi wa mtoto iliyo karibu, iko block gani, inafunguliwa siku gani, nani anasema Kiswahili, nani anasema Kisomali. Hospitali ipi ina muuguzi wa akili na siku zake. Karatasi inakaa ndani ya mlango wa kabati la mwalimu na tunaisahihisha kila muhula, kwa sababu mashirika yanahama na simu zinabadilika.

Imeleta nini? Hatutawadanganya kwamba shule zimegeuka pepo. Tuna kisa kimoja cha kuwapa. Mvulana wa darasa la sita alikuwa analala darasani kila siku. Zamani angepigishwa magoti. Madamu mmoja wa kikundi chetu akamuuliza tu, "Baba, usiku unalala wapi?" Kumbe mama amelazwa hospitali wiki ya tatu, na huyu mtoto anakesha mlangoni akilinda wadogo zake wawili. Karatasi ikatumika. Jioni hiyo hiyo mama jirani na mtu wa ulinzi wa watoto walikuwa pale nyumbani. Mtoto alilala kitandani.

Lakini mwezi wa tano mkutanoni madamu huyo huyo alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akasema kwamba kila mtoto anayemsimulia juu ya barabara ya Uvira, yeye anaiona ile barabara, kwa sababu aliipita. Anafika nyumbani hawezi kupika. Kinyozi hajinyoi, wandugu. Walimu hawa ni wakimbizi kama sisi. Walikimbia vita vile vile, wanapanga foleni ile ile, halafu tunawapa na mizigo ya watoto wetu. Siku hiyo hatukujadili visa. Tulikunywa chai, na mfanyakazi wa ustawi alitembea naye peke yake mpaka kwenye laga na kurudi.

Kwa hiyo ninyi mlio na bajeti, tunaomba mambo ambayo siyo makubwa. Mpeni mwalimu wa ushauri vipindi vichache kuliko wengine, na saa ya ushauri iandikwe kwenye ratiba. Jengeni kijumba kimoja cha mabati chenye mlango unaofungika na dirisha ambalo mtu wa nje anaona ndani bila kusikia, kwa usalama wa wote wawili. Semina ya siku tano kwa mkupuo igaweni: siku mbili sasa, halafu siku moja kila mwezi, na iendeshwe kwa Kiswahili na Kisomali na Kiarabu cha Juba pia. Mleteni mtu wa kuwasikiliza walimu wenyewe. Na mwalimu akiondoka, maana motisha haimshikilii mtu, yule anayechukua nafasi yake asianze sifuri.

Nanyi vijana wenzetu wa Nakivale, Kyangwali, Nyarugusu na Dzaleka, msingojee bajeti. Mtafuteni mwalimu wa ushauri wa shule mliyosoma. Msalimieni. Muulizeni karatasi yake ya msaada iko wapi, na kama hana, kaeni naye muiandike. Halafu muulizeni yeye mwenyewe analalaje siku hizi.

Sisi tunakutana tena Jumamosi ya kwanza, saa tatu. Anayetaka ile orodha yetu ya maneno atuandikie, tutamtumia. Na yule dada wa Fomu 2, kama popote ulipo unasoma huku, dawati lako tulilikumbuka. Andika chochote, hata nukta moja.